Gazeti la uongo, mtoto wa uongo, muziki wa kweli: historia ya albamu "Thick as a Brick" (1972)



Wanaonijua wanajua kwamba nimesoma agronomia, na nikichukua kalamu hapa watu wanangojea habari za mihogo, mbolea ao mmomonyoko wa udongo. Leo hapana. Leo ni disiki. Disiki moja tu, ya mwaka 1972, ya kundi la Waingereza lenye jina la mkulima aliyekufa mwaka 1741. Upande wa kwanza una wimbo mmoja. Ukiigeuza, upande wa pili ni wimbo uleule unaendelea. Na ganda lake, ile wazee wetu waliita pochette, ni gazeti zima la kurasa 12, na habari zake ni za kubuni.

Ninaileta hapa juu ina jambo linalotugusa sisi wenye diploma mkononi. Jambo lenyewe ni hili: wakati mtu anasema kazi fulani ina thamani ao haina, anatazama nini? Anatazama kazi yenyewe, ao anatazama karatasi iliyobandikwa juu yake?

Jethro Tull wa kwanza: mkulima

Tuanze na jina, juu jina njo lilinileta kwenye muziki huu. Nilikuwa ninatafuta kwenye intaneti habari za Jethro Tull kwa ajili ya kozi ya mashine za kilimo. Nikaandika jina, nikabonyeza. Picha ya kwanza ikaja: mtu mwenye nywele ndefu na ndevu, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, anapiga filimbi. Picha ya pili, mtu uleule. Mkulima wa karne ya 18 alikuwa chini kabisa, amefunikwa na mwanamuziki.

Huyo mkulima alizaliwa mwaka 1674 katika jimbo la Berkshire, Uingereza. Alisoma Oxford, kisha akasomea sheria London, lakini afya yake haikuwa nzuri na mwishowe akarudi kwenye shamba. Wakati ule mbegu zilimwagwa kwa mkono: mtu anatembea, anachota, anatupa. Nyingine zinaanguka pamoja kama watu kwenye taksi, nyingine zinabaki juu ya udongo ndege wanakula. Tull alitaka sainfoin, yaani majani ya kulisha wanyama ya jamii ya kunde, ipandwe kwa mistari, kwa kina kimoja, na mbegu chache. Wafanyakazi wake hawakukubali kufuata namna hiyo. Donc akaamua kutengeneza mashine itakayofanya kazi ile bila kubishana naye. Ilikuwa karibu mwaka 1701.

Sasa sikilizeni wazo lilitoka wapi. Tull mwenyewe aliandika kwamba katika ujana wake alipenda kinanda kikubwa cha kanisa, ile orgue, na alijua namna kilivyotengenezwa ndani. Kwenye orgue kuna mfereji, kuna kidude kama ulimi, kuna na springi: ulimi unafungua, hewa inapita, springi inaurudisha mahali pake. Tull akachukua mpango ule akaupeleka kwenye mbegu. Ulimi unafunguka, mbegu inapita, springi inafunga. Kumbe mashine ambayo sisi tunaisoma kama mwanzo wa kilimo cha kisasa cha Uingereza ilizaliwa ndani ya chombo cha muziki! Sijui ni kwa nini kitu hiki hakisemwi kwa sauti kubwa zaidi mu ma-auditwari yetu.

Lakini kuna upande wa pili wa Tull. Katika kitabu chake kikubwa cha miaka ya 1731 na 1733 alifundisha kupalilia kati ya mistari kwa jembe la kukokotwa na farasi. Mazoezi yalikuwa mazuri: magugu yanakufa, hewa na maji vinaingia udongoni. Maelezo yake, hapana. Yeye aliamini kwamba mizizi inakula chembe ndogondogo za udongo, kwa hiyo ukisaga udongo vizuri mmea unashiba, na samadi haina kazi kubwa. Leo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakwambia kwamba haiko vile. Mtu alifanya jambo la sawa kwa sababu isiyo sawa. Mwenye kumpima Tull kwa nadharia yake peke yake atamtupa. Mwenye kumpima kwa mistari ya shamba lake atamsalimia. Shikeni mfano huu, utatusaidia mbele.

Jethro Tull wa pili: kundi

Miaka 227 baada ya kifo cha mkulima, mu mwaka 1968, kuna vijana London wanaotafuta kazi ya kupiga muziki usiku kwenye vilabu. Wengine walitoka Blackpool, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza. Mara nyingi klabu ikiwasikia mara moja haitaki kuwaita tena, kwa hiyo wakawa wanabadilisha jina ili waitwe kama kundi jipya. Kwenye ofisi iliyowatafutia kazi kulikuwa mtu aliyependa historia, naye njo alikuwa anawapatia majina. Siku moja akawapa "Jethro Tull". Safari hiyo klabu ya Marquee ikapenda, ikawaita tena, na jina likabaki. Disiki yao ndogo ya kwanza ilitoka imeandikwa "Jethro Toe", makosa ya uandishi. Na kiongozi wao, Ian Anderson, amesema kwamba mwanzoni hakujua kama jina hilo ni la mvumbuzi wa mashine ya kupandia.

Huyo Anderson alizaliwa Scotland mwaka 1947. Alikuwa anapiga gitaa, kisha akaona kwamba London imejaa wapiga gitaa ambao hatawafikia. Akanunua filimbi na kujifundisha mwenyewe. Hakuwa na mwalimu wala cheti. Njo maana filimbi yake inapumua, inakoroma, wakati mwingine anaimba ndani yake huku anapuliza. Mwalimu wa konsevatwari angemkemea. Lakini ukisikia sekunde tano unajua ni yeye.

Tukumbuke na wakati wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanamuziki wengi wa Uingereza walichoka na nyimbo za dakika tatu. Walitaka rock ifanye kazi ya simfoni: kipande kirefu chenye sehemu nyingi, polepole kisha mbio, wazo la muziki linaloonyeshwa mwanzoni, linapotea, linarudi likiwa limevaa nguo nyingine. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya okestra. King Crimson walifungua mlango mwaka 1969. Wakafuata Emerson, Lake & Palmer, Yes, Genesis. Muziki huo uliitwa rock ya maendeleo, na tawi lake lililokaribia zaidi muziki wa kizungu wa zamani likaitwa la simfoni. Watu bado wanabishana Jethro Tull wakae kwenye tawi gani, juu ndani yao kuna na blues, kuna na nyimbo za vijijini za Uingereza. Mimi ninaacha mabishano hayo kwa wenyewe. Disiki ninayoizungumzia imejengwa kama simfoni, na hiyo inanitosha.

Mzaha unaanza

Mwaka 1971 Jethro Tull walitoa albamu "Aqualung". Ilikuwa na nyimbo kadhaa juu ya mzee asiye na nyumba, juu ya kanisa, juu ya shule. Wachambuzi wa magazeti wakasema: hii ni albamu ya wazo moja, nyimbo zote zinaeleza hadithi moja kubwa. Anderson akajibu kwamba haiko vile, ni nyimbo tu, kila moja na habari yake. Wao wakaendelea kusema vile vile. Mwandishi anaeleza kazi yake, na wasomaji wa kulipwa wanamwambia kwamba haijui!

Bon, Anderson akafanya jambo ambalo wengi wetu tungetamani kulifanya siku moja mbele ya jury. Akasema, kwa maneno mengine: mnataka albamu ya wazo moja? Nitawapa mama ya albamu zote za wazo moja. Nitawapa wimbo mmoja wa albamu nzima, mzito, wenye mashairi magumu, na mtashindwa kujua kama ninacheka ao ninasema kweli.

Na wimbo mkubwa kama huo unahitaji mshairi mkubwa. Akamtunga. Jina lake Gerald Bostock, mtoto wa miaka 8. Kwenye ganda la disiki imeandikwa kwamba maneno ya wimbo ni shairi la mtoto huyo. Gerald hakuwahi kuzaliwa. Maneno yote ni ya Anderson.

Hata kichwa ni sehemu ya mzaha. Kwa Waingereza mtu akiitwa "mnene kama tofali" maana yake kichwa chake ni kizito, haelewi kitu. Donc shairi la mtoto mwenye akili nyingi kuliko wote limepewa jina la tusi kwa mtu asiye na akili.

Kazi ilifanywa namna gani

Ungefikiri kwamba mzaha unafanywa kivivu. Hapana. Kundi lilikusanyika mwishoni mwa mwaka 1971. Asubuhi Anderson anaandika kipande kipya cha dakika chache. Mchana anawaletea wenzake, wanakijifunza, wanakifunga kwenye kipande cha jana. Kesho yake vile vile. Kipande kwa kipande, kama mtu anayejenga ukuta bila kuona plani yote. Mu mwezi wa Desemba wakaingia studio ya Morgan, London, na kazi ya kurekodi ikaenda haraka, karibu wiki mbili.

Wapigaji walikuwa watano. Anderson: sauti, filimbi, gitaa lisilo la umeme, na hapa na pale fidla, tarumbeta na saksofoni. Martin Barre: gitaa la umeme. John Evan: piano na orgue. Jeffrey Hammond: gitaa besi. Barriemore Barlow: ngoma, na hii ilikuwa albamu yake ya kwanza nzima na kundi. Evan, Hammond na Barlow walikuwa marafiki wa Anderson tangu ujana wa Blackpool. Okestra ya nyuzi ambayo inasikika pembeni ilipangwa na Palmer, mtu aliyesoma muziki wa kizungu wa darasani.

Sikiliza mwanzo: gitaa moja laini, filimbi inajibu, sauti inaongea kama mtu aliyeketi karibu nawe kwenye kiti. Halafu orgue na ngoma vinaingia kwa nguvu na unaamka. Mapigo yanabadilika: ukianza kuhesabu nne nne mguu wako unateleza, juu wao wamekwisha kuhamia tano ao saba. Sauti ya mwanzo inarudi baada ya dakika nyingi, kwenye orgue, kwa mwendo mwingine. Na mwisho kabisa, baada ya kelele yote ile, lile gitaa moja laini linarudi peke yake. Mzunguko umefungwa. Mtu asiyejali hafanyi vile.

Mistari kwenye plastiki

Hapa ninaomba mnivumilie kidogo kama mtu wa shamba. Disiki ya vinili ya sentimita 30, zile wazee waliita trente-trois tours, inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Juu yake kuna mfereji mmoja unaozunguka kutoka ukingoni mpaka katikati. Sindano inafuata mfereji. Ukitaka kuweka muziki mrefu zaidi lazima usogeze mizunguko ya mfereji iwe karibu karibu, na ukiisogeza sauti inapoteza nguvu. Kwa hiyo karibu dakika 20 na kidogo kwa upande mmoja ilikuwa kipimo kizuri. Ni kama umbali kati ya mistari ya mahindi: unaweza kubana, lakini kila mmea utakulipisha.

Wazee wetu walijua sheria hii vizuri. Kwenye zile disiki ndogo za 45 tours za rumba, wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2, na mara nyingi sebene ilikuwa inakungojea upande wa pili. Uliinuka, ukageuza, ukarudi kucheza.

"Thick as a Brick" ina karibu dakika 44. Haikuweza kuingia upande mmoja. Anderson na wenzake hawakuficha mkato huo, waliupanga. Upande wa kwanza unaishia kwa sauti inayojirudia na kufifia kama inakwenda mbali. Unageuza disiki. Upande wa pili unaanza na upepo, na ile sauti inarudi kutoka mbali. Ile dakika ya kuinuka kwenye kiti imewekwa ndani ya muziki. Kipimo cha plastiki kiliamua wimbo ukae namna gani, na wao wakakubali kipimo hicho badala ya kulia. Mkulima naye hachagui urefu wa msimu wa mvua. Anachagua mbegu inayoingia ndani yake.

Mwaka ule ule wa 1972 Yes walitoa "Close to the Edge" na Genesis wakatoa "Foxtrot", na ndani ya kila moja kuna wimbo unaojaza karibu upande mzima. Jethro Tull walikuwa wamejaza pande zote mbili tangu mwezi wa tatu.

Gazeti

Sasa ganda. Unaishika mkononi, inafunguka kama gazeti la kweli: "The St. Cleve Chronicle", gazeti la mji mdogo, tarehe 7 Januari 1972, siku ya Ijumaa. Ndani kuna habari za mtaa, michezo, matangazo, fumbo la maneno, mchezo wa kuunganisha nukta. Anderson, Hammond na Evan njo waliandika sehemu kubwa ya upuuzi huo, na Anderson amesema mara nyingi kwamba gazeti liliwachukua muda mwingi kuliko muziki wenyewe.

Habari ya ukurasa wa kwanza ni hii. Mtoto Gerald Bostock alishinda mashindano ya ushairi. Shairi likasomwa kwenye televisheni, watu wakalalamika. Wakaitwa wataalamu wa akili za watoto, wakasema kwamba mtoto huyu hayuko sawa kichwani. Waamuzi wakamnyang'anya tuzo wakampa msichana wa miaka 12, aliyeandika insha nzuri ya dini isiyosumbua mtu.

Soma tena habari hiyo polepole. Hakuna mahali ambapo mwamuzi anasema kwamba shairi ni baya. Kwanza lilikuwa zuri mpaka likapewa tuzo. Kisha makelele yakatoka nje, wataalamu wakapiga muhuri, na shairi lilelile, bila kubadilika hata nukta, likawa ugonjwa. Ninajua vijana kadhaa ambao wakisoma hapa watacheka kwa upande mmoja wa mdomo tu.

Na kuna kitu kingine ndani ya gazeti hilo ambacho ninakipenda zaidi. Kwenye ukurasa mmoja kuna uchambuzi wa albamu yenyewe, hiyo hiyo uliyoshika. Mchambuzi anaitwa Julian Stone-Mason, na nyuma ya jina lake kuna herufi mbili: BA. Yaani diploma yake ya chuo kikuu! Ni Anderson anajichambua mwenyewe, akijificha nyuma ya diploma ya mtu asiyekuwepo. Aliona kwamba wachambuzi watakuja, akaweka mchambuzi wake kwanza, na akampa zile herufi mbili juu alijua kazi yake: zinafanya msomaji anyamaze.

Watu waliipokea vipi

Albamu ilitoka Machi 1972. Uingereza ilifika namba 5. Marekani, mwezi wa Juni, ilifika namba 1. Wimbo mmoja wa dakika 44 ambao redio haiwezi kuupiga wote, ukawa albamu ya kwanza kwa mauzo katika nchi ile kubwa!

Kwenye jukwaa waliipiga yote, na waliirefusha. Katikati simu inalia, muziki unasimama, Anderson anaipokea. Kuna kusoma taarifa ya hali ya hewa. Kuna mtu anapita amevaa nguo za kupiga mbizi. Watu wanacheka, kisha muziki unarudi na hakuna anayecheka.

Na watu wengi waliamini kwamba Gerald Bostock ni mtoto wa kweli. Jina limechapwa, gazeti lina tarehe, kuna picha. Karatasi imesema! Wengine walikaa miaka wakiamini vile. Wengine waliojua kwamba ni mzaha nao walianguka upande mwingine: wakasema kwamba muziki huu hauna uzito, ni kejeli tu. Wa kwanza walisoma karatasi wakaiamini, wa pili walisoma karatasi wakaidharau. Makundi yote mawili yalikuwa yanasoma karatasi. Disiki ilikuwa inazunguka pembeni.

Mwaka 1973 kundi lilitoa "A Passion Play", tena wimbo mmoja wa albamu nzima, safari hii bila gazeti la kuchekesha. Juu ya kufa na safari ya baada ya kufa. Wachambuzi kadhaa waliishambulia vikali. Marekani ilifika namba 1 vile vile. Miaka mingi baadaye, mwaka 1989, kundi hilohilo la filimbi likapewa tuzo ya Grammy katika sehemu ya hard rock na metal, mbele ya Metallica, na watu wakashangaa mpaka leo. Bandiko na kitu kilichobandikwa, kila mara vinakosana.

Maneno yenyewe yanasema nini

Sitaficha: maneno ya wimbo ni magumu, na sehemu nyingine zimefanywa ngumu kwa makusudi, juu ni mtoto wa miaka 8 anayejifanya mzee. Lakini ukiyafuata unaona mambo yanayorudi. Kuna mtoto anayetengenezwa afanane na baba. Kuna shule, kuna jeshi, kuna heshima ya mji mdogo. Kuna wakubwa wenye hekima ambao hawajawahi kuonja maisha ya yule wanayemwita mjinga. Hilo ni jambo la kweli kabisa. Mzaha ulikuwa mlango tu.

Hapa njo ninaona undugu wa wale Jethro Tull wawili, ingawa jina lilifika kwa bahati. Mkulima alifanya kazi nzuri akaieleza vibaya. Mwanamuziki alifanya kazi nzuri akaieleza kwa makusudi kama kichekesho. Kwa wote wawili, ukitaka ukweli, wacha maelezo, nenda shambani ukahesabu mimea, ao weka sindano kwenye mfereji usikilize.

Na bahati haikuishia hapo. Mwaka 1978 kundi lilitoa "Heavy Horses", albamu yenye heshima kwa farasi wa kazi wa Uingereza, wale wanyama ambao mkulima Tull aliwafunga kwenye jembe lake la kupalilia. Na Anderson alinunua ardhi ya Strathaird, kwenye kisiwa cha Skye, Scotland, akaanza ufugaji wa samaki aina ya salmoni. Ikawa biashara kubwa. Mtu aliyebeba jina la mkulima bila kujua akawa mfugaji wa kweli. Hakuwa na lisansi ya agronomia. Ninasema hivi bila wivu, ao na kidogo tu.

Gerald wa miaka 50

Mwaka 2012, baada ya miaka 40, Anderson alirudi kwa mtoto wake wa karatasi. Alitoa albamu "Thick as a Brick 2", kwa jina lake mwenyewe, na swali lake ni moja: Gerald Bostock angekuwa nani leo? Mtoto mwenye akili kuliko wote, aliyenyang'anywa tuzo, maisha yangempeleka wapi?

Hakutoa jibu moja. Alitoa njia tano. Gerald mwenye benki. Gerald asiye na nyumba, analala barabarani. Gerald mwanajeshi. Gerald mhubiri mwenye maneno matamu. Na Gerald mtu wa kawaida, mwenye duka dogo la mtaa, anayependa kucheza na vitreni vidogo nyumbani. Akili ileile, shairi lilelile, njia tano.

Mimi sehemu hii inanikaa rohoni. Tulikuwa wengi kwenye auditwari, tulipewa karatasi yenye muhuri mmoja na sahihi zilezile. Leo mwenzetu mmoja iko mu mradi na gari yenye bendera, mwingine anauza kredi za simu kwenye kona, mwingine amevaa uniforme, mwingine anahubiri, mwingine analima kweli. Ukikutana nao kwenye arusi, watu wanauliza: "Huyu anafanya wapi?" Wakishajua wapi, wamemaliza. Hawaulizi anafanya nini, na anafanya vizuri namna gani. Yule wa kona, ambaye mahesabu yake ya kila jioni hayana kosa hata la faranga mia, anaitwa shomeri.

Sisemi kwamba diploma haina maana. Yangu ninaitunza kwenye plastiki, mbali na panya na mvua. Lakini ilitolewa siku moja, na haijui nilifanya nini kesho yake.

Kwa wenye kutaka kusikiliza: msiiweke kama muziki wa kufulia nguo. Tafuteni dakika 44 za usiku ambapo umeme upo, ao batri ya simu imejaa. Msisome kwanza uchambuzi wa mtu, hata huu wangu muusahau. Mkifika nusu, sauti ikianza kufifia, inukeni kidogo, mkunywe maji, murudi. Wale wa mwaka 1972 walifanya vile, juu disiki iliwalazimisha.

Kisha mtuandikie hapa chini, na mseme bila haya: ni kipande gani kiliwashika, ni kipande gani kiliwachosha? Na ukitazama wale Gerald watano, ni yupi anayeishi karibu na nyumba yenu, na mara ya mwisho ulimuuliza juu ya kazi yake ilikuwa lini?